Mama kwa Herufi Ndogo

Hamugembe, Bukoba
3 Februari 2025

Shemeji Bernadeta,

Salamu. Mama amesema tusipigiane tena simu, na wewe unajua mama akisema. Tangu siku ile ya Nyanga kwa wazazi, ulipokuwa unapayuka upande wako na mimi napayuka upande wangu, mpaka baba akaacha ndizi mezani akaenda kukaa migombani, amri ni moja: mimi na wewe tuandikiane. "Mtu hawezi kupayuka kwa kalamu," kasema mama. Hajawahi kuona unavyoandika.

Basi naandika. Bahasha ingekuja tu hata hivyo, maana flashi lazima isafiri. Mtandao wa huko kisiwani kwenu hauwezi kupandisha hata kikohozi, sembuse sauti nzima.

Nakukumbusha tulichokubaliana, kwa sababu naona kila mtu alikubaliana na lake. Simu imo kwenye boksi la mbao hapo mwaloni Kabuyanja, boti zinapoegeshwa, imeunganishwa na spika. Watu wa hali ya hewa wakituma ujumbe kwamba kuna upepo, au radi, au mawimbi, programu yangu inausoma na kupiga sauti: mama kwa Kihaya, mzee wako Magesa kwa Kijita, wewe kwa Kiswahili. Wavuvi hawasomi ujumbe, wanasikia mtu. Kaka Nicholaus, ambaye ni mumeo lakini kwanza alikuwa kaka yangu, akisikia mama anasema usitoke, hatoki. Ndiyo kazi yote.

Sasa nimefungua flashi yako. Programu inatafuta upepo-mama, wewe umeniletea Upepo-Mama. Inatafuta radi-magesa, umeleta Radi-Magesa. Kompyuta yangu imegoma kuijenga programu, inasema faili hazipo. Nimeangalia, zipo, zimekaa pale zimevaa kofia. Zivue kofia, shemeji. Herufi ndogo, mwanzo hadi mwisho.

Rutaihwa


Kabuyanja, Muleba
10 Februari 2025

Shemeji Rutaihwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukijibu vizuri nitajua bado kuna tumaini.

Faili nimeziita vile watu wanavyoitwa. Masista walitufundisha kwamba jina la mtu linaanza na herufi kubwa, na hawakuongeza "isipokuwa Rutaihwa akikataa". Baba yangu mzazi siwezi kumwandika magesa kama aina ya samaki. Na mama mkwe! Mimi jina lake hata silitaji, nilifundishwa hivyo na shangazi zenu siku ya kwanza niliyokanyaga Nyanga, ndiyo maana nikaandika Mama. Sasa hata hilo Mama unataka nilikate kichwa. Wewe ni mwanawe, mkate. Mimi nimeolewa.

Pili, ile programu ya majaribio uliyoniwekea kwenye kompyuta ya zahanati inafanya kazi. Nimebonyeza upepo, mama akasema. Nimebonyeza radi, baba akasema, mpaka mgonjwa mmoja Mjita akashuka kitandani kutafuta viatu. Faili ni zilezile, majina ni yaleyale. Kama kwangu zinaonekana na kwako hazionekani, mwenye shida ya macho ni nani?

Nicholaus anasalimu. Anasema "mwache". Hakufafanua nani amwache nani.

Bernadeta Magesa


Hamugembe
17 Februari 2025

Shemeji,

Milele amina.

Macho yangu ni mazima. Shida ni kwamba tuna kompyuta mbili zenye tabia mbili, na mimi nimechoka kuzipatanisha, lakini nitakueleza mara hii moja.

Ya zahanati ina Windows. Windows ni kama mama. Mwite Ma Gaudiosa, mwite Mama Nicholaus, mwite bibi, kohoa tu mlangoni: anaitika. Ukimuulizia upepo-mama na pale pana Upepo-Mama, anasema haya, ni huyuhuyu, pita ndani. Yangu ina Linux, na simu ya mwaloni ndani yake ni ukoo uleule wa Linux. Linux ni kama baba. Asipoitwa Ta Gozbert, kwa ukamilifu wake, hageuzi shingo. Kwake Upepo-Mama na upepo-mama ni watu wawili wasiojuana.

Kwa hiyo kusikia sauti kwenye kompyuta yako si ushahidi. Ni kama kumuuliza mama kama wanawe ni wazuri.

Utasema mbona nisibadilishe mwenyewe. Ningeweza. Lakini kila ukirekodi sauti mpya utaniletea kofia mpya, na mimi nitakuwa kinyozi wa faili zako hadi uzeeni. Badilisha hukohuko zinakozaliwa.

Rutaihwa


Kabuyanja
24 Februari 2025

Shemeji,

Haya, umeshinda. Ila nimeona kwamba kompyuta yako inajua kutofautisha mkubwa na mdogo, kwa hiyo ina adabu kuliko mwenye nayo.

Nimezibadilisha zote. Nilipofika kwenye ya mama nilimwomba Nicholaus atoke chumbani. Hakutoka. Alisimama mlangoni akaangalia mkewe anamwandika mama yake kama anaandika sufuria. Uji hakumaliza.

Kisha nikazinakili kwenye flashi yetu ileile. Kompyuta ikauliza kama nataka mpya zikae mahali pa zile za zamani, nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo zote. Basi nijengee programu yangu. Mvua za masika zinakaribia na ziwa limeanza kununa. Nicholaus anakwenda kuvuta nyavu kila alfajiri, na injini yake unaijua, inakohoa kuliko baba yangu.

Bernadeta Magesa


Hamugembe
4 Machi 2025

Waitu, Bernadeta!

Nimefungua flashi. Upepo-Mama. Radi-Magesa. Mawimbi-Bernadeta. Kofia zote kichwani, hata moja haijalegezwa.

Kama hukuzibadilisha, sema hukuzibadilisha. Mtu ana wagonjwa, ana mume, ana kuni za kuanika, inaeleweka. Lakini usinitungie hadithi ya kaka yangu kusimama mlangoni na uji umepoa. Ile ya uji hasa iliniingia, nikawa namwonea huruma njia nzima kutoka stendi hadi nyumbani, kumbe namhurumia mtu aliyeshiba.

Nimeacha kazi za watu nikakaa na faili zako. Nimepiga meza. Meza ni ya jirani.

Na jambo moja la kukariri. Siku nitakapoleta programu, usiijaribu kwenye kompyuta. Ijaribu kwenye simu yenyewe ya mwaloni. Sema baada yangu: kwenye simu.

Rutaihwa


Kabuyanja
8 Machi 2025

Rutaihwa,

Leo wewe si shemeji.

NILIZIBADILISHA. Ndiyo, kwa herufi kubwa zote, labda hiyo Linux yako itageuza shingo.

Nimewasha kompyuta sasa hivi tena. Ziko ndogo, zimelala kama dagaa kwenye mchanga. Zinatoka hapa ndogo, zinafika kwako kubwa. Basi ama Ildefons wa boti ya abiria anazitia hamira njiani, ama wewe unatafuta tu mtu wa kumlaumu kwa programu iliyokushinda.

Kuhusu kujaribu kwenye simu, sahau. Mwezi wa kwanza nilijaribu ile honi yako kwenye spika. Boti zote ziligeuza, watu wakarudi mikono mitupu ziwa likiwa limetulia kabisa, na Philbert, mwenyekiti wa mwalo, akaniambia mbele ya kila mtu kwamba spika ikilia tena bila upepo ataitupa majini na mimi niifuate kuiokoa. Baada ya hapo mkutano ukapitisha sheria, na ni sheria nzuri, hata mtoto anaielewa: spika ikilia, hatutoki, isipolia, tunatoka. Majaribio ni kwenye kompyuta ya zahanati tu. Nenda ukabishane na Philbert.

Nicholaus amenyang'anya kalamu, anaandika mwenyewe:

Mdogo wangu, nilikuwepo. Zilikuwa ndogo. Niliumia. N.

Bernadeta Magesa


Hamugembe
13 Machi 2025

Shemeji,

Yaishe. Rekodi upya zile za mawimbi, baba yako anakohoa katikati. Mengine niachie mimi, na habari ya majina tusiitaje tena.

Rutaihwa


Kabuyanja
20 Machi 2025

Shemeji Rutaihwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako fupi imenitia wasiwasi kuliko zile ndefu. Mtu anayesema "yaishe" huwa ana lake mfukoni. Lakini nimefanya ulivyosema.

Baba nimemrekodi upya, na haikuwa kazi ndogo. Ya kwanza alikohoa. Ya pili alimaliza vizuri kisha akauliza, "Nimesema sawa?" na swali limo ndani, nimelikata. Ya tatu aligoma kusema mawimbi yapo wakati anayaona hayapo. Alisema yeye si mwongo, amevua ziwa hili tangu nyavu zikisokotwa kwa mkono, na hatawadanganya vijana kwa sababu mashine ya Mhaya inataka. Nilimweleza kwamba maneno yatakaa yakisubiri siku ya mawimbi ifike. Akafikiri. Akasema, basi ni kama wosia. Akasema vizuri sana.

Hapo alinitaka nimpikie ugali wa muhogo na sangara, nikapika, kwa hiyo ukiona faili inanukia usishangae. Nicholaus naye alikuja kula cha wosia. Ananiuliza programu lini, kila anaporudi. Wiki iliyopita injini ilimzimikia wakiwa mbali, wakapiga kasia hadi mchana. Hakukuwa na upepo. Nimekuwa nikiomba hivyohivyo: injini izime siku isiyo na upepo.

Sasa lile tusilolitaja. Hafidha, anayechaji simu za watu na kuuza vifuniko hapa mwaloni, ndiye aliyegundua. Alikaa nami tukanakili faili moja, akanionyesha. Ukiweka faili mpya juu ya ya zamani ambayo jina ni lilelile, hii Windows inabadilisha kilichomo ndani lakini kibandiko cha nje inakiacha kile cha zamani. Ni kama kubadilisha mgonjwa kitandani na kuacha cheti cha aliyetoka. Mimi nilikuwa nakuletea sauti sahihi zenye vyeti vya zamani. Kwa hiyo mimi nilisema kweli na wewe ulisema kweli, jambo ambalo sikulitegemea kwako.

Flashi nimeifuta yote, nikanakili upya. Safari hii ni ndogo kwelikweli, Hafidha ni shahidi. Usiguse kitu kwenye programu. Iache itafute ndogo kama mwanzo.

Bernadeta Magesa


Hamugembe
29 Machi 2025

Shemeji,

Imekubali! Kompyuta imeijenga programu bila hata kuguna. Nimekuwekea mbili kwenye flashi, ya kompyuta ya zahanati na ya simu. Weka ya simu kwenye simu, funga boksi, mwambie Philbert apumzike.

Usiniulize nimefanya nini. Siku moja, tukizeeka, nitakwambia, na utaniomba radhi.

Barua yako ilifika. Ndefu kama misa ya Pasaka. Nashukuru.

Rutaihwa


Kabuyanja
9 Aprili 2025

Rutaihwa,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za zahanati kwa sababu nikisimama natembea, na nikitembea naishia ufukoni.

Programu niliiweka siku ileile ilipofika. Kwenye kompyuta niliijaribu yote, upepo, radi, mawimbi, sauti zote tatu zikaitika. Tukafurahi. Philbert alikunywa soda.

Leo alfajiri spika ilikuwa kimya. Nicholaus aliamka, akatoka nje, akasikiliza. Mimi nilimwona akisikiliza, Rutaihwa. Alisimama kabisa. Kisha akasema, "Mama hana neno," akabeba jagi lake la mafuta akashuka. Boti zote zilitoka.

Jua lilipopanda kidogo upepo ulikuja kutoka kusini. Mabati mawili ya zahanati yameondoka. Nilikimbia mwaloni nikafungua boksi nikidhani labda umeme wa sola umekatika. Simu ilikuwa hai, imechaji, inawaka. Na ujumbe ulikuwemo, unasema upepo mkali. Ulikuwa umefika kabla hawajatoka. Programu yako ilikuwa imeupokea na kunyamaza nao.

Nilipiga kelele na wanawake wenzangu, tukapiga madebe, lakini nani atasikia debe kutoka kwenye upepo ule. Boti nyingine zimerudi moja moja, zimejaa maji. Ya Nicholaus haijarudi. Wanaume waliomwona wanasema injini ilikuwa inakohoa.

Nilikupigia simu. Nilivunja amri ya mama, nikapiga, nikapiga tena. Iliita. Hukupokea.

Ildefons anasema akipata nafuu ya ziwa atavuka na barua hii. Sijui niifunge vipi.

Bernadeta


Hamugembe
12 Aprili 2025

Shemeji Bernadeta,

Unajua tayari, lakini acha niandike ili mkono uamini: kaka yupo hai. Alinipigia toka kile kisiwa walikosukumwa na upepo, akaongea nami kwa simu ya mtu, akaniambia wamepoteza nyavu na kasia moja na kwamba wale vijana wake wawili wa boti wanakula samaki wa kuchoma kama waliokuja arusini. Nilikaa chini hapohapo barabarani. Bodaboda wakanipigia honi.

Niliona jina lako kwenye kioo cha simu. Nikasema, huyu anataka kupayuka, na mimi ni mtoto wa mama, sitavunja amri. Nikaiacha iite. Nilikuwa na furaha kidogo ilipokuwa inaita. Hilo sitakuomba ulisamehe leo.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana una haki ya kukijua chote. Pale nilipoandika "yaishe" nilikuwa nimeamua kukubali majina yako. Nilibadilisha programu itafute kubwa: Upepo-Mama, Radi-Magesa. Sikukwambia, kwa sababu sikutaka ujue umeshinda. Na ule ukaguzi uliokuwa unaigomea programu kama faili hazipo, niliuondoa kwa hasira. Ulikuwa umeninyima raha mwezi mzima. Ndiyo maana kompyuta haikuguna. Nilikuwa nimeiziba mdomo mwenyewe.

Barua yako ndefu nilisoma ukurasa wa kwanza, nikafika kwa mzee Magesa kukohoa, nikacheka, nikaikunja. Nimeusoma ukurasa wa tatu jana. Hafidha, vyeti vya wagonjwa, flashi imefutwa, usiguse kitu. Wewe ulinipa ndogo siku ileile niliyokuwa nimekubali kubwa. Tulipishana kama watu wawili waliokwenda kuombana radhi, kila mmoja akafika nyumba ya mwenzake akakuta mlango umefungwa.

Kwenye Windows yako ikaitika yote, kwa sababu yeye ni mama, anaitikia jina lolote. Kwenye simu ikatafuta Upepo-Mama, ikamkuta upepo-mama, haikugeuza shingo. Programu ikikosa faili haipigi kelele, shemeji. Inanyamaza kama mgeni aliyekosa kiti.

Nimetengeneza. Kwanza, jina lolote likiingia, kubwa au dogo, programu inalivua kofia yenyewe kabla ya kutafuta. Andika unavyotaka. Pili, ukaguzi nimeurudisha, na nimeuongezea ukali: kukikosekana sauti hata moja, programu haijengwi. Nimeijaribu kwenye simu hapa kwangu, kwenye simu, nimekaa migombani nyuma ya nyumba ili nisitishe majirani. Mama alisema upepo, mzee akasema mawimbi kama anayetoa wosia. Nililia kidogo, kuku wakaniangalia.

Mama amesema amri imekwisha, tupigiane. Nimepiga. Hukupokea. Sawa.

Rutaihwa


Kabuyanja
15 Aprili 2025

Shemeji,

Sikupokea. Ningekwambia nini ambacho ungekisikia? Kwenye karatasi unalazimika kufika mwisho, na safari hii naandika ukurasa mmoja tu ili usipotee.

Umetengeneza herufi. Hujatengeneza ukimya.

Kesho simu ikifa, au nyaya zikiliwa na panya, au ukapata hasira nyingine, spika itanyamaza, na mume wangu atasimama nje asikilize, aseme mama hana neno, ashuke. Ile sheria nzuri niliyojisifia ilikuwa ya kipumbavu, na niliipigia kura kwa mikono miwili. Tulimfundisha mtu kwamba asiposikia kitu, ameambiwa nenda.

Nataka mama aseme kila alfajiri. Kila siku, kuwe na upepo au kusiwe. Kama hakuna habari aseme hakuna habari. Asiposema chochote, hakuna anayetoka. Philbert nimeshabishana naye, usiulize nilitumia lugha gani, lakini mkutano umekaa na sheria imegeuzwa.

Nenda Nyanga ukamrekodi. Na ukaniletee sauti ile kwa jina lolote upendalo.

Bernadeta


Hamugembe
24 Aprili 2025

Shemeji,

Imo. Nilimwambia mama aseme "Leo hakuna tahadhari". Akaniuliza ni nani anayeamka na kumwambia mwanawe neno kama hilo kabla ya kumsalimia. Kwa hiyo anawasalimia kwanza, kwa Kihaya, anawauliza wameamkaje, ananyamaza kidogo kama anayesubiri wajibu, ndipo anasema leo ziwa halina neno. Nilitaka kuukata ule ukimya wa kati. Nikamtazama. Nimeuacha.

Jina la faili liandike mwenyewe, kubwa au dogo, sasa ni hiari.

Rutaihwa


Kabuyanja
8 Mei 2025

Shemeji Rutaihwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Faili ya salamu nimeiandika kwa herufi ndogo, salamu-mama, ingawa ulisema sasa ni hiari. Nimeona ni heri programu isipate kazi ya kumvua mama mkwe kofia kila alfajiri. Heri nimvue mara moja mwenyewe. Jumapili nimekwenda kuungama. Padri akaniuliza ni dhambi gani hiyo, nikamweleza Windows na Linux mpaka foleni ikafika mlangoni. Amenipa Salamu Maria moja, nadhani kwa ajili yako.

Wanaume wamezoea. Wanasimama ufukoni na majagi yao, mama anauliza wameamkaje, na kwenye ule ukimya wanajibu. Wajita pia. Philbert, mtu mzima, mwenyekiti, anavua kofia anaijibu spika.

Lakini nataka kukueleza la jana. Jana alfajiri mama hakusalimia.

Asubuhi yenyewe ilikuwa nzuri. Ziwa limelala kama maziwa kwenye bakuli, hakuna jani linalotikisika, na samaki wanaruka kabisa kama wanaotudhihaki. Wanaume wakasubiri. Jua likachomoza. Wakaanza kututukana, mimi na wewe, kwa majina kamili, na naamini ilikuwa kwa herufi kubwa. Hafidha alifungua boksi akakuta Philbert amechomoa simu yetu ili achaji yake. Kuwasha upya na kungoja mtandao kukawa kazi ya nusu asubuhi. Mmoja akasema jamani, si tunaona kwa macho kwamba hakuna upepo? Wakamgeukia Nicholaus, kwa sababu boti yake ndiyo hutangulia siku hizi, amepewa injini nyingine na ndugu zangu wa Musoma.

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za zahanati. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia, nikaona ningoje nione atafanya nini.

Nicholaus akatazama maji. Akatazama spika. Kisha akaiweka injini chini mchangani, taratibu, akaketi juu yake.

"Mama hajasalimia," akasema.

Hakuna aliyesukuma boti.

Bernadeta